Mama Duane wa Meza ya Chanjo

Siku ya kuniaga nilipostaafu walinipa kiti cha mbele, soda ya moto na kitenge chenye picha za kuku, kisha wakaniomba niwaambie vijana maneno machache. Nilisema asante nikaketi. Wakadhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba niliyotaka kuyasema yasingefaa mbele ya keki, na mkurugenzi wa hospitali alikuwa ameketi kando yangu. Kwa hiyo nayaandika sasa, nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Panda, hapa Likasi, kwa ajili yenu mnaokaa kwenye meza niliyoiacha.

Vyeo na mishahara siviandiki. Vyeo vilichelewa, na habari za mishahara mnazijua wenyewe. Nilikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa msimamizi wa wanafunzi wa staji, vijana wa shule za uuguzi wanaoletwa hospitalini kujifunza kazi kwenye vitanda vya watu wenye maumivu ya kweli. Kabla mwanafunzi hajagusa mgonjwa, alipita kwangu. Nilitazama beji yake na kadi yake ya chanjo. Kazi hiyo inaonekana ndogo, na kwa miaka mingi hata mimi niliiona hivyo.

Mimi mwenyewe nilikuja hapa kutoka upande wa Mulungwishi, nikiwa na bluzi nyeupe ambayo mama yangu aliishona kutokana na shuka. Hakuna aliyekuwa akingoja kunipokea. Nilisimama kwenye korido ndefu inayonuka dawa ya kusafishia sakafu, nikijitahidi kuonekana kama mtu anayejua anakokwenda, mpaka mwanamume mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi ikanyooka akanizuia kwa mkono. Huyo ndiye Papa Mwepu, muuguzi wa chumba cha chanjo.

“Weye njo nani?” aliniuliza.

“Bernadette.”

“Bernadette gani? Ba Bernadette beko bengi. Mugonjwa akifia mu mikono yako, bandugu yake bataulizia nani?”

Akanivuta hadi chumbani kwake, akakata kipande cha plasta, akaandika jina langu lote kwa kalamu, akakibandika kifuani pangu. Halafu akanikunja mkono wa bluzi, akatafuta kovu la chanjo ya utotoni, akaliona, akanichoma sindano ya pepopunda bila kuniuliza kama niko tayari.

“Sasa uko na jina, uko na kinga. Ingia.”

Beji yangu ya kwanza ilikuwa plasta, na ilipobanduka iliondoka na nyuzi za shuka la mama. Lakini toka siku ile niliielewa kazi kuliko ambavyo shule ilikuwa imenieleza. Aliyelala kitandani ana haki ya kujua ni nani anamgusa, na anayegusa ana haki ya kurudi nyumbani akiwa mzima.

Papa Mwepu alinifundisha karibu kila kitu ninachojua kuhusu chanjo. Alinionyesha jinsi ya kumshika mtoto mguu bila kumuumiza, jinsi ya kumwambia mama jina la ugonjwa kabla ya kuchoma, jinsi ya kumwonyesha chupa ili asihisi anadanganywa. Ujana wake aliumaliza juu ya baiskeli, kisanduku cha baridi kikiwa kimefungwa nyuma, akipeleka chanjo za polio na surua mpaka kambi za nyuma ya Kakanda. Alikuwa mtu wa kuchunga baridi. Friji yake aliifuta kila asubuhi kabla ya kufuta meza yake mwenyewe. Umeme ulipokatika, na hapa kwetu unakatika bila kupiga hodi, alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama, akafunga mlango wa friji kwa kamba na kumkataza hata daktari asiufungue. Kipimajoto cha ndani kilivunjika. Tuliandika barua kuomba kingine, kisha barua ya kukumbusha, kisha tukazoea.

Meza ya mlangoni ilianzishwa kwa sababu ya kijana mmoja asiye na jina. Alivaa bluzi safi kuliko za madaktari wetu, alitembea wodini akiwa na kipimo cha moyo shingoni, na bibi mmoja wa kambi ya wafanyakazi akamkabidhi mkono wake kwa imani. Kijana akamchoma. Mkono ukavimba hadi begani. Tulipomtafuta tuliambiwa ni stajieri wa shule fulani. Shule ikasema haimjui, na yeye mwenyewe hakuonekana tena. Bibi alipona baada ya kuteseka sana. Toka hapo ikatoka amri kwamba asiye na beji yenye jina, picha na shule haingii, na asiye na kadi ya chanjo haingii. Ikatafutwa sura ya mtu asiyependwa sana ili akae mlangoni, nikapewa mimi.

Vijana wakaniita Mama Duane, yaani mama wa forodha, kwa kuwa walisema hata malori ya shaba yanapita mpakani kwa urahisi kuliko wao kupita kwangu. Nilijifanya sijui jina hilo. Nimeona mengi pale mezani. Nimeona msichana mwenye beji ya kuazima, kwenye picha kuna mtu mwenye masharubu, akaniambia bila aibu kwamba amenyoa. Nimeona kadi yenye dozi tatu za chanjo ya homa ya ini, ambazo zinatakiwa kupishana kwa miezi, lakini zote ziliandikwa kwa wino mmoja na zikachafuliwa na doa moja la chai. Niliwarudisha nyumbani. Wengine walilia, wengine walinitafutia shangazi wa kuniombea msamaha. Sikulegea, na mpaka leo nawaambia msilegee.

Dorcas Ngoie alinijia bila chanjo hata moja. Hakujaribu kudanganya. Alisimama mbele ya meza, beji yake imenyooka, akasema nyumbani kwao hawachanji. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la maombi, na siku zisizo za ibada aliuza tomsoni sokoni, samaki wale wa kugandishwa wanaoletwa kwa malori. Nilimwambia Dorcas aje na baba yake. Wengi nikiwaambia hivyo hawarudi. Yeye alirudi, na baba akiwa mbele.

“Mama, minye siko na mubishano na dawa,” Pasta alianza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. “Mutoto akigonjwa, tunamuleta ku hôpital. Mais huyu haiko mugonjwa. Juu ya nini mumuchome sindano ya ugonjwa hana nayo?”

“Juu ya kesho, Pasta. Mu wodi kuko damu.”

“Damu ya Yesu inamulinda.”

“Ile ya Yesu, ndiyo. Minye naongea juu ya damu ya bagonjwa.”

Dorcas aliinamisha kichwa ili asicheke. Baba yake alinitazama kwa muda, akapima kama nimemtukana, kisha akaona sijamtukana. Akasema kama ni dawa ya kweli, anataka kuona mahali inapochungwa, kwa sababu yeye ni mtu wa biashara ya baridi na anajua mali iliyoharibika. Foleni ilikuwa ndefu na sikuweza kuondoka, kwa hiyo nikamwita Papa Mwepu. Wakaenda pamoja chumbani, wazee wawili wanaoheshimiana kabla hata ya kujuana. Pasta aliporudi uso wake ulikuwa umefunguka.

“Nimeona. Ule muzee anajua kazi. Bamuchome.”

Dorcas alikuwa ameshakunja mkono kabla baba hajamaliza. Alipata dozi ya kwanza siku ile, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baadaye kama inavyotakiwa, na shule ikamngojea mpaka akamaliza. Nilifurahi. Kuna ushindi mdogo katika kazi hii ambao hakuna anayekupigia makofi, na ule ulikuwa mmojawapo. Nilimwambia Pasta kwa mdomo wangu kwamba sasa binti yake amekingwa.

Alikuwa mwanafunzi mwenye mikono mizuri. Sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyompata. Kabla ya kumgusa mgonjwa alimshika bega na kujitambulisha, “Minye njo Dorcas, wa staji,” hata kwa wale waliopoteza fahamu. Wagonjwa walimwita kwa jina, jambo ambalo madaktari wengine hawajalipata mpaka wamestaafu. Mimi alinisalimia “Mama Duane” usoni, mwanafunzi pekee aliyethubutu, na nilimwachia.

Siku ya sindano ilikuwa asubuhi ya kawaida. Katika wodi ya wanaume kulikuwa na mchimbaji kutoka Kakanda, mtu wa makamo, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Dorcas alimtoa damu vizuri, akaenda kuitupa sindano kwenye boksi la kadibodi tunalotumia. Boksi lilikuwa limejaa kupita mstari. Lilikuwa limejaa toka jana yake, na kila aliyepita alisukuma ya kwake ndani akaenda zake. Sindano moja ilikuwa imechomoza pembeni, ikamchoma kidole. Ilikuwa sindano ndefu ya kuvutia maji ya tumbo, na aliyevutwa maji siku iliyotangulia ni mgonjwa yuleyule peke yake.

Nilimkuta ameweka kidole chini ya bomba, maji yanamwagika, anafanya kama nilivyomfundisha, bila kukikamua.

“Mama, nitakufa?”

“Hautakufa. Acha maji ipite.”

Tulifuata kila hatua. Alianzishwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi siku hiyohiyo, na baadaye ikaonekana mgonjwa hana. Lakini homa ya ini aina ya B alikuwa nayo, tena nyingi. Daktari akaomba kadi ya Dorcas. Dozi tatu, zimepishana vizuri, muhuri wa kwetu wenyewe. Akatabasamu akamrudishia. Mtu ambaye hajachanjwa tungempeleka Lubumbashi siku ileile kutafuta kinga ya haraka, ile inayochomwa mtu akishachomwa na sindano ya mgonjwa, kwa sababu hapa haipatikani. Yeye tulimpa chai na kumwambia apumzike. Kanuni ilisema hivyo, na kanuni hiyo ni nzuri.

Mvua zilipoanza nilimwona akivuka ua, anatembea kama mtu aliyebeba kitu kizito. Nilimwita nimtazame. Macho yake yalikuwa ya njano. Nilijua palepale, na nilijidanganya kwamba ni malaria mpaka karatasi ya maabara iliponikanusha. Alilazwa kwetu, kwenye wodi ya wanawake ambako naye aliwahi kufanya staji, na wagonjwa wenzake walimwita kwa jina. Baada ya muda unjano ulitoka, nguvu zikarudi kidogo, akaanza kula. Virusi havikutoka. Watu wazima wengi mwili unavifukuza, lakini wake haukuweza, na daktari akamwambia huenda akaishi navyo maisha yake yote.

Swali likabaki. Amechanjwa, amepataje? Daktari, ambaye ni mtu wa kung’ang’ania mambo, akapeleka Lubumbashi damu ya wanafunzi wengine waliochanjwa kwenye chumba kilekile. Majibu yakarudi kwamba karibu wote hawana kinga yoyote. Mkurugenzi akaitisha kikao ofisini kwake. Tulikuwa yeye, daktari, mkuu wa shule ya Dorcas, Papa Mwepu, mimi, na Pasta Ngoie kama mzazi. Dorcas hakuitwa.

Kila mtu alikuja na mshitakiwa wake. Mkurugenzi alisema dawa ilitoka ghala ikiwa bandia. Mkuu wa shule, bila kumtazama Papa Mwepu, akasema kuna sehemu ambako dawa huuzwa kwa mlango wa nyuma na vijana wakachomwa maji. Papa Mwepu alikaa amenyooka, mikono juu ya magoti, hakujitetea. Nadhani alikuwa hajaamini kwamba anayesemwa ni yeye. Nilifungua mdomo, lakini Pasta alinitangulia. Alisimama kabisa, kama yuko mimbarini.

“Hapana. Huyu muzee musimuseme mubaya mbele yangu. Minye nilifika mu chumba yake. Alifungua frigo, nikashika chupa na mukono yangu. Zilikuwa zimeganda sawa mawe, barafu juu yake, sawa tomsoni yangu. Courant inakatikaka kila siku hapa Likasi, minye mwenyewe napotezaka mali, mais dawa yake haikuyeyuka hata kiloko. Huyu anachunga vizuri!”

Daktari aliweka kalamu chini na kujifunika uso kwa mikono miwili. Na Papa Mwepu, sitasahau, alimgeukia Pasta akatabasamu na kuinamisha kichwa kumshukuru, kwa sababu alikuwa ametetewa.

“Papa Mwepu,” daktari alisema polepole, “ile vaccin ya hepatiti, mulikuwa munaiweka mu congélateur?”

“Yee, Docteur. Zote. Courant ikiwa, nazipandisha juu zigande. Ikikatika, ile barafu inazichunga mupaka kesho yake. Polio tulifanyaka vile. Surua, vile vile. Hakuna hata moja iliharibikaka mu mikono yangu.”

Na alisema kweli. Chanjo ya polio kuganda hakuiui, wala ya surua. Lakini ya homa ya ini ikishaganda mara moja imekufa. Ikiyeyuka inaonekana dawa, unaivuta kwenye sindano, unaichoma, mkono unauma kama kawaida, na ndani hakuna kitu. Chanjo hii ilikuja kwetu Papa Mwepu akiwa ameshazeeka. Semina ya kufundisha jinsi ya kuitunza ilifanyika Lubumbashi, na ofisi ikamtuma mhasibu, aliyerudi na mkoba mzuri wa semina na hakusema neno kwa mtu. Bahati moja tu tuliyokuwa nayo ni kwamba watoto wa mtaa walikuwa wameshahamishiwa kituo cha afya cha jirani, chenye friji ya jua na muuguzi kijana. Friji ya Papa Mwepu ilikuwa imebaki ya wafanyakazi na wanafunzi.

Daktari alimweleza yote hayo kwa upole, kwa maneno machache. Pasta alikuwa bado amesimama. Alianza kuelewa pamoja naye, na nikamwona akishika mgongo wa kiti.

“Basi ni minye,” Papa Mwepu alisema. “Ni minye nilimuchoma maji.”

Mkurugenzi aliamua kabla hatujainuka. Wanafunzi wote wachanjwe upya, waambiwe ni rappel, nyongeza ya kawaida, na jambo lisitoke humo ndani. Nilimwambia siwezi kukaa mezani nikidai ukweli kwenye kadi za watoto huku mimi nawapa uongo. Akasema nina hasira. Nilikuwa nayo, na sikuona kwa nini nisiwe nayo. Lakini aliyevunja siri ile si mimi. Jumatatu iliyofuata wanafunzi walikuwa wamepanga foleni, Papa Mwepu akatoka chumbani kwake, suruali imepigwa pasi, akavua kofia, akasimama kando ya meza yangu.

“Batoto,” alisema, “ile dawa niliwachoma ilikuwa imekufa. Niliigandisha. Nilifikiri naichunga. Mwenzenu Dorcas amegonjwa juu yangu. Leo bachome ingine, lakini si kwa mukono yangu. Munisamehe.”

Msichana mmoja alianza kulia. Mvulana mmoja wa nyuma alitukana kwa Kifaransa, na wenzake hawakumnyamazisha. Papa Mwepu alingoja amalize, kama mtu anayengoja basi, kisha akarudi chumbani, akafuta friji yake, akaenda nyumbani. Hakurudi kazini. Nilimtembelea, tukazungumza habari za mvua na za bei ya unga. Mkewe alinisindikiza mpaka nje akaniambia mzee ameacha kupiga pasi. Alifariki msimu wa baridi. Madaktari waliandika moyo. Kwenye kilio Pasta Ngoie alikuja, akaomba ruhusa ya familia ambayo ni ya Kikatoliki, akaomba kwa muda mrefu, na alipofika kwenye jina la marehemu sauti ilimkatika. Nilimpenda Papa Mwepu kuliko baba yangu, na bado siku nyingine namkasirikia.

Kumbe kwa Dorcas mambo yalikuwa ndiyo yanaanza. Daktari alimwandikia vizuri kwamba anaweza kufanya kazi, avae glavu kama kila mtu, apimwe kila baada ya miezi michache, asiingie kwanza chumba cha upasuaji wala cha kuzalishia. Lakini baada ya aibu ile ofisi ikataka kuonekana kali. Kadi haikutosha tena. Kila mwanafunzi alete majibu ya maabara yanayothibitisha kwamba ana kinga dhidi ya homa ya ini, na asiye nayo haingii. Dorcas hawezi kuleta majibu hayo hata akiishi miaka mia. Hana kinga, ana ugonjwa wenyewe. Na bila staji shule haimpi diploma. Hospitali nyingine za mji zilikuwa zimeshasikia, na kila moja ilipata sababu yake ya upole ya kukataa.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na karatasi ya daktari. Nilimwambia ugonjwa huu ameupatia kwetu, kwa sindano yetu, kwa boksi letu, kwa dawa yetu. Nilipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

“Mama Bernadette,” alisema, “mlango ni mlango. Weye njo ulitufundisha. Leo nikimupitisha mumoja, kesho nitawazuia namna gani bengine?”

Nikatoka nikiwa nimebeba maneno yangu mwenyewe mgongoni.

Jumatatu Dorcas alikuja. Sikumtegemea. Alijipanga kwenye foleni kama wengine, bluzi imefuliwa, beji imenyooka, kadi mkononi na karatasi ya daktari ndani yake. Waliokuwa mbele walipita mmoja mmoja, naye akafika. Alivitandika vyote juu ya meza kwa utaratibu.

“Dorcas, mwanangu, umeshaambiwa.”

“Bameniambia. Mais minye nilifanya byote mulisema, Mama. Byote. Mulisema beji, nikaleta. Mulisema nimulete Papa, nikamuleta. Mulisema sindano, nikatoa mukono. Nimepunguza nini?”

Hakulia. Alikuwa anauliza kweli, akingoja nimwambie alichopunguza ili akakitafute. Nikamwambia ingia. Foleni nzima ilisikia. Alikusanya vitu vyake, akapita, akaenda wodini akaanza kutandika vitanda, na kabla ya saa sita mkurugenzi akaja mwenyewe kumtoa, mbele ya wagonjwa, kwa adabu zote. Mzee mmoja aliyelazwa aliuliza kwa sauti, “Dorcas anaenda wapi?” Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo ni barua pekee ya ofisi niliyowahi kuitunza nyumbani.

Niliendelea kukaa mezani mpaka nikastaafu. Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu yule bibi wa mkono uliovimba alikuwa mtu wa kweli, na mchimbaji wa Kakanda alikuwa mtu wa kweli, na bila meza wangekuja wengine. Daini beji. Daini chanjo. Lakini nendeni pia mkafungue friji wenyewe, mguse chupa, muulize inatunzwaje na nani alifundishwa. Boksi la sindano likifika mstari, lifungeni, hata kama aliyelijaza ni mkubwa wenu. Na amri yoyote ya mlango ikiandikwa, mmoja wenu anyooshe mkono aulize yule aliyeumia ndani ataingilia wapi. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, na nikajibiwa kwa maneno yangu.

Dorcas sasa anauza samaki na baba yake. Pasta hakuacha kunisalimia, hata siku moja hakunilaumu, na ningepumua vizuri zaidi kama angenilaumu. Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni. Nilimkuta amesimama nyuma ya freza, anapasua mafungu ya tomsoni yaliyoshikana, na mikono yote miwili amevaa glavu za hospitali, zile nyembamba za kupimia.

“Juu ya nini unavaa gants?” nilimwuliza. “Hepatiti haipitake mu samaki.”

Alitazama kulia na kushoto kabla ya kujibu. “Minye najua, Mama. Na minye mwenzenu nilisoma. Mais bantu ba soko balisikia.”

Damu ilinipanda. Nilimwambia avue, anipimie kwa mikono mitupu, nami nipokee kwa mikono mitupu, wote waone muuguzi mzee anavyofanya. Hakutaka. Nilishikilia. Basi akaivua ya kulia, akanichagulia samaki watatu wazuri, akaniwekea mkononi, na vidole vyetu vikagusana, baridi kwa baridi. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akatoka kwenye foleni. Aliyemfuata naye akakumbuka shughuli nyingine. Nilipogeuka tulikuwa tumebaki sisi wawili.

Dorcas hakukasirika. Aliiokota glavu juu ya freza, akaipuliza ndani ili ifunguke, akaivaa tena kidole kwa kidole, vizuri, kama nilivyomfundisha.

“Mama,” alisema, “kule ku hôpital hamuwezi kunipatia zingine? Hizi zimeanza kutoboka.”